Usafi wa Kinywa na Matibabu ya Meno: Mambo ya Kuyajua kwa Wakazi wa Mwanza na Kando ya Ziwa



Himidi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wasallam), ahali zake na Swahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (radhiya Allahu anhu) kuwa Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) angeuamrisha umma wake kupiga mswaki katika kila Swala, lau si kuchelea kuutia mashaka. Pamoja na mafundisho hayo, wengi wetu hapa Mwanza, Sengerema, Magu na Ukerewe humwendea daktari wa meno baada ya usiku kadhaa bila usingizi. Wakati huo jino mara nyingi limeshaharibika, na kinachobaki ni kung'oa. Jino linalowahiwa huokolewa. Tumeona tueleze namna ya kulilinda, matibabu yaliyopo, na mambo mawili ya watoto ambayo mzazi asiyafanyie mchezo.

Jino huozaje?

Hakuna mdudu anayetafuna jino. Bakteria waliomo kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo humomonyoa jino kidogo kidogo hadi litoboke. Hatari zaidi ni kula au kunywa vitu vitamu mara kwa mara: chai ya sukari asubuhi, soda mchana, pipi jioni. Katika Ramadhani tunakula tende, sharubati na kaimati, kisha daku, na wengine hulala bila kusafisha kinywa. Usiku mate hupungua, na meno hukosa kinga yake.

Kulinda meno

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Mara moja iwe kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi baada yake.

2. Mswaki wa mti ni Sunna na unasafisha vizuri. Tafuna ncha hadi iwe nyuzi laini, sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, na ikate ncha iliyochakaa. Usiache dawa yenye floridi kwa sababu una mswaki wa mti. Vitumie vyote viwili.

3. Mtoto aanze kusafishwa meno pindi jino la kwanza linapoota. Chini ya miaka 3 dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni.

Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, hivyo dawa ya meno ina umuhimu wake kwa wanaoyatumia. Lakini baadhi ya visima vya Mwanza na Shinyanga vina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza floridi. Madoa hayo hayaondoki kwa kusugua. Usimkaripie mtoto kuwa ni mchafu.

Matibabu ya kawaida

Kukwangua ugaga: ukoga usiposafishwa huganda kuwa ugaga, na mswaki hauuondoi. Fizi hutoka damu na baadaye meno hulegea. Daktari huukwangua kwa vifaa maalumu. Matibabu haya hayalegezi meno. Ugaga wenyewe ndio uliokuwa ukiyaharibu.

Kuziba: tundu likiwa bado dogo, sehemu iliyooza huondolewa na jino hujazwa.

Tiba ya mzizi: uozo ukifika kwenye kiini chenye mshipa wa fahamu, daktari hutoa kiini hicho, husafisha mirija ya mizizi na kuiziba. Huenda ukarudi zaidi ya mara moja. Maumivu yakitulia baada ya ziara ya kwanza, usiache, jino halijapona.

Kung'oa: hufanywa kwa sindano ya ganzi. Ng'ata pamba kwa nusu saa. Usisukutue, usiteme kwa nguvu wala kuvuta sigara kwa saa 24, ili damu igande. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Antibayotiki za kununua dukani haziponyi tundu. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usaha huo huweza kuziba njia ya hewa na kuua.

"Meno ya nailoni"

Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, baadhi ya watu husema ana meno ya nailoni, na mganga humchana fizi kutoa kinachoonekana cheupe. Hicho ni chipukizi cha jino la kawaida ambalo halijakomaa. Homa ina sababu nyingine, kama malaria. Kuharisha mara nyingi hutokana na maji au chakula kichafu. Kisu hicho huleta kutoka damu nyingi, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI, na wapo watoto waliokufa. Mpeleke mtoto kituo cha afya, na anayeharisha mpe maji ya chumvichumvi njiani.

Uvimbe wa taya kwa mtoto

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, alichapisha maelezo ya saratani inayovimbisha taya za watoto. Hutokea zaidi maeneo yenye malaria nyingi, na kanda yetu ya Ziwa ni mojawapo. Meno hulegea na taya huvimba haraka, hata maradufu ndani ya siku chache. Watu hudhani ni jino bovu, wakang'oa na kusubiri. Usisubiri: omba rufaa kwenda Bugando. Ikiwahiwa, watoto wengi hupona kwa dawa za dripu.

Masuala yanayoulizwa sana

Jino lililozibwa halizuii udhu wala josho. Meno bandia ya kuvaa, wanachuoni wengi hawakuwajibisha kuyatoa wakati wa kusukutua. Sindano ya ganzi haifunguzi kwa kauli ya wengi, maadamu mfungaji hamezi kitu. Ikiwezekana, matibabu yafanyike usiku.

Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alimruhusu Arfaja bin As'ad kuweka pua ya dhahabu, na kwa hadithi hiyo wanachuoni wakaruhusu jino la dhahabu kwa haja. Kwa mwanamume, la pambo tu halijuzu. Kuchonga meno kwa urembo kumekatazwa, ama kunyoosha yaliyopinda yakaleta tabu ni tiba.

Basi usingoje jino likukeshe. Mwili ni amana, na kila mmoja ataulizwa juu ya amana yake.

Wallahu aalam.