Bamba la Theluji

Kamusi na vyumba vya habari vimekubaliana: theluji ikishuka mlimani kwa nguvu, hayo ni maporomoko ya theluji. Sina ugomvi na jina hilo. Msomaji wa Kiswahili anayajua maporomoko ya maji, na tangu Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhukia Katesh, hahitaji kuelezwa mlima ukiporomoka hufanya nini. Ila kitenzi kuporomoka hutuonyesha vitu vingi vikishuka ovyo, tena kutoka juu kabisa. Theluji inayoua watelezaji wa milima ya Alpi kwa kawaida haianzi hivyo. Huanza kwa kipande kimoja kipana kukatika na kuteleza kizima, na mara nyingi aliyekikata ni huyo huyo aliyesimama juu yake.

Wajerumani hukiita Schneebrett, yaani ubao wa theluji. Wafaransa husema plaque. Mimi nimechagua bamba. Lakini liwe bamba la theluji, si la barafu, ingawa barf, neno lililozaa barafu yetu, kwa Waajemi wenyewe ni theluji.

Lijaribu jikoni. Nyunyiza sukari kwenye sinia, laza kitabu kizito juu yake, kisha inua sinia upande mmoja polepole. Kitabu kitatulia, kitatulia, halafu kitaondoka ghafla. Kitabu ndicho bamba: theluji iliyopigwa na upepo hadi ikashikamana. Sukari ni tabaka dhaifu lililojificha chini, chembe kubwa kubwa zisizofinyangika hata ukizikamata kiganjani. Sinia ni mteremko, hasa wa nyuzi 30 hadi 45. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja tabaka hilo, na ufa hukimbia kumshinda.

Theluji ikisimama hushindiliwa kama zege. Aliyefukiwa ana dakika 10, labda 15, kabla matumaini hayajaporomoka (hapo kitenzi kinafaa). Ndiyo maana kila mmoja hubeba kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchokolea na koleo, na mteremko wa mashaka huvukwa mmoja mmoja, wenzake wakitazama.

Kilichonitoa jasho katika kutafsiri ni viwango vya hatari. Ulaya hutangaza hatari kwa ngazi 5, na mfasiri mwenye haraka ataiita ya 3 "hatari ya wastani" kwa kuwa imekaa katikati. Atakuwa amemdanganya msomaji: Uswisi, siku za ngazi ya 3 ndizo zenye vifo vingi. Naandika "hatari kubwa". Ya 4 na ya 5 zitafutiwe maneno mazito zaidi.

Imebaki sauti. Tabaka dhaifu likivunjika chini ya miguu, hewa hutoka kwa mvumo mzito ambao wataalamu wameupa jina kwa kuuigiza tu. Sisi tunayo tanakali tayari: puu, kama gunia la mchele lililodondoshwa chumba cha pili. Anayeisikia puu hata akiwa tambarare huiacha miteremko mikali siku hiyo.