Ikivunjika Njiani, Nani Ataichomelea?

Nilipomwambia babu kwenye simu kwamba nimepanga chumba Small Heath, hakuuliza habari za chuo wala za baridi. Babu alikuwa fundi pikipiki Tanga. Alisema, "Mjukuu wangu, hapo ndipo kwao BSA!" Sikujua anazungumza nini. Kila siku napita Coventry Road, naona maduka ya vitambaa na mikahawa ya Wasomali, lakini kiwanda cha pikipiki sijawahi kukiona. Nikaona aibu, nikaanza kusoma.

BSA ni Birmingham Small Arms. Mafundi bunduki wa mji huu waliungana mwaka 1861, wakanunua ardhi Small Heath na kujenga kiwanda. Mtaa wake hadi leo unaitwa Armoury Road, yaani mtaa wa ghala la silaha. Baadaye wakatengeneza baiskeli, na mwaka 1910 wakatoa pikipiki. Usiku wa 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga kiwanda kwa mabomu, wafanyakazi 53 wakafa. Hata hivyo, katika vita hivyo jeshi lilipata kutoka BSA zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20. Amani iliporudi, tangazo lao lilijigamba kwamba kila pikipiki moja kati ya nne ni BSA.

Ndani ya kiwanda hicho kikubwa kulikuwa na karakana ndogo ya mashindano, chini ya Brian Martin. Kazi yao ilikuwa kutengeneza pikipiki za kukimbia kwenye matope na vilima. Walichukua injini ya silinda moja iliyotokana na pikipiki ya kawaida ya 250cc, wakaikuza, wakaitafutia fremu nyepesi. Mpanda pikipiki wao, Jeff Smith, akawa bingwa wa dunia wa daraja la 500cc mwaka 1964, kisha tena 1965. Baada ya hapo, pikipiki ya 441cc iliyofuata ile ya Smith, Victor Grand Prix, ikaanza kuuzwa kwa wateja. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya Reynolds, na oili ya injini ilikaa ndani ya fremu yenyewe, hivyo haikuhitaji tangi la pembeni.

Mwaka 1966 wakataka kwenda mbali zaidi. Walimtengenezea Smith fremu ya titani, madini ambayo uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa chuma. Pikipiki ikawa nyepesi kweli, lakini fremu ilipinda-pinda na kupata nyufa. Tena titani haichomelewi popote tu. Ikipata moto huku hewa inaigusa, inaharibika, kwa hiyo lazima ikingwe kwa gesi ya agoni. Kiwandani hilo linawezekana. Pembeni mwa uwanja wenye matope, haliwezekani. Ubingwa wa mwaka huo ulikwenda kwa Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki, aliyepanda CZ yenye injini ya kuchanganya oili na petroli.

Nilipomsimulia babu, alicheka. "Kabla ya kununua chombo chochote," alisema, "uliza: ikivunjika njiani, nani ataichomelea?" Nikawakumbuka vijana wa bodaboda kule nyumbani. Wanaongeza vyuma kwenye fremu ili ibebe magunia, na ikikatika, fundi chini ya mwembe anaiunga siku hiyohiyo.

Kampuni iliingia katika shida ya fedha, na mwaka 1971 karakana ya mashindano ikafungwa. Miaka michache baadaye pikipiki zikakoma kabisa Small Heath, na sehemu kubwa ya majengo ikabomolewa. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu mmoja wa Bolton, Alan Clews, alinunua vipuri vya karakana ile, akavipakia na kuvipeleka kwake. Akaanza kuunda pikipiki katika gereji ya nyumbani, zenye injini za BSA na fremu zilizoboreshwa. Aliziita Clews Stroka, na kampuni iliyozaliwa humo ni CCM. Hata John Banks, aliyekuwa mshindi wa pili wa dunia akiwa BSA, baadaye alizipanda.

Wiki iliyopita nilitembea hadi Armoury Road, nikampigia babu simu ya video ili naye aone. Hakukuwa na cha kuona ila barabara na majengo ya kawaida. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Na waliokuwa wakifanya kazi hapo, walimfundisha nani?" Sikuwa na jibu. Jumamosi hii nimemwomba anifundishe majina ya sehemu zote za pikipiki, kwa Kiswahili cha gereji, mojamoja, na nitayaandika.