Haki ya Msomaji na Maandishi Yaliyopigwa Marufuku Nchini Kenya

Maandishi yanapopigwa marufuku, wahakiki hutazama kwanza masaibu ya mwandishi. Ni haki wafanye hivyo, kwani ndiye afungwaye. Walakini katika kila kisa cha namna hiyo yupo mtu wa pili ambaye historia humtaja kwa nadra, naye ni msomaji. Historia ya Kenya baada ya Uhuru yaonyesha kwamba hasara ya msomaji hudumu hata baada ya mwandishi kutoka gerezani.

Kisa cha Abdilatif Abdalla chatosha kuwa mfano. Mwaka 1968 wagombea wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union walizuiwa, karibu wote, kushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa. Abdilatif, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, akaandika kijitabu kiitwacho *Kenya: Twendapi?* kilichosambazwa kwa siri. Alishtakiwa kwa uchochezi, akatumikia kifungo cha miaka 3, tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, akiyaandika juu ya karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Wengi huitaja ajabu hiyo na kuishia hapo. Kwa mwanafunzi wa lugha liko jambo zito zaidi. Shairi mojawapo katika diwani laitwa "N'shishiyelo ni Lilo". Kwa Kimvita, n'shishiyelo ni lile nililolishika: -shishiye ni umbo la kale la kitenzi shika, na -lo ni kirejeshi kinachoelekeza kwenye jambo ambalo mtunzi na msomaji wake hudhaniwa kulijua. Ni jambo lipi? Jawabu haliwezi kukamilika pasipo kukirejea kijitabu kilichomfungisha mtunzi. Diwani iliuzwa na kusomwa waziwazi, hali kijitabu kilibaki mafichoni. Basi msomaji aliambiwa kwamba mshairi ameshikilia neno, asiruhusiwe kulisoma neno lenyewe. Matini ya kijitabu ilikuja kuingizwa katika kitabu kuhusu mtunzi huyo kilichotolewa mwaka 2016, karibu nusu karne baada ya kuandikwa.

Katika miaka ya 1980 msomaji mwenyewe alifanywa mshtakiwa. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa Chuo Kikuu, alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kosa la kupatikana na waraka wa uchochezi. Kosa hilo halikuhitaji mtu awe ameandika wala kuhubiri. Kuwa nao kulitosha. Mwaka 1987 nakala za *Matigari*, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotolewa kwa Kigikuyu mwaka 1986, ziliondolewa madukani na polisi. Tafsiri yake ya Kiingereza ilisomwa ng'ambo, na wenye lugha yao wakanyimwa kitabu walichoandikiwa.

Wanaotetea marufuku husema kwamba dola changa yapaswa kulinda umoja wake, na kwamba maneno yaweza kuwasha moto. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani maneno yana nguvu, na watu wa fasihi ndio wa mwisho kulikana hilo. Ila marufuku huondoa ushahidi mbele ya baraza. Raia aambiwa kwamba maandishi ni sumu, na papo hapo anyimwa njia pekee ya kuhakikisha, yaani kuyasoma. Hukumu ya mtu mmoja ofisini huwa badala ya akili za watu wote.

Sheria ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, yataja uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo. Hata hivyo kufutwa kwa sheria hakurudishi karatasi zilizochomwa, wala zile ambazo wenyewe walizizika kwa hofu ya msako. Kazi hiyo yaziangukia idara za lugha na maktaba: kukusanya, kuhariri na kuchapa yaliyosalia, ili afundishaye ushairi wa kifungoni aweze kuweka mbele ya wanafunzi wake shairi pamoja na neno lililolizaa.