Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Ugiriki na Swali la Sarafu Moja

Tarehe 23 Aprili 2010, George Papandreou, Waziri Mkuu wa Ugiriki, alisimama katika kisiwa kidogo cha Kastellorizo, bandari ikiwa nyuma yake, akalitangazia taifa kwamba serikali inaomba mkopo wa dharura kutoka kwa washirika wake wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF. Siku tisa baadaye mkopo wa euro bilioni 110 ulikubaliwa. Magazeti ya dunia yaliuita uokozi. Neno hilo ndilo ninalotaka tulichunguze, kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki nasi tumeahidiana sarafu moja, na ni busara kujua mapema anayeokolewa ni nani na anayelipa ni nani.

Kila ninapofundisha mada hii, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, si Wagiriki walidanganya takwimu zao? Kwa nini basi tuwahurumie?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake halina budi kuanza kwa kukiri.

Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini tarehe 7 Februari 1992, uliweka masharti ya kuingia katika sarafu mpya. Nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, na deni la serikali lisizidi asilimia 60. Euro ilianza tarehe 1 Januari 1999 ikiwa na nchi 11. Ugiriki ikajiunga mwaka 2001. Mwaka 2004 ikabainika kwamba nakisi ya Ugiriki ilikuwa juu ya asilimia 3 hata katika miaka iliyotumika kuipima ili ikubaliwe. Kisha, Oktoba 2009, serikali mpya ya Papandreou ikafichua kwamba nakisi ya mwaka huo ingezidi asilimia 12. Hesabu za mwisho zilivuka 15. Wenye nacho walikwepa kodi, na vyama vilivyopokezana madaraka viligawa ajira za umma kama zawadi za uchaguzi. Hayo hayana mtetezi, na mimi siyatetei.

Lakini deni halina mtu mmoja. Palipo na mkopaji pana mkopeshaji, naye ana macho na akili. Katikati ya miaka ya 1990 Ugiriki ilikopa kwa riba iliyozidi asilimia 10. Ilipoingia katika euro, riba hiyo ilishuka hadi kukaribia ile ya Ujerumani, kana kwamba Athens na Berlin ni duka moja lenye milango miwili. Benki za Ufaransa na Ujerumani zilinunua hatifungani za Ugiriki kwa wingi. Taarifa za mwaka 2004 zilikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuzisoma, na mikopo iliendelea. Kwa nini? Kwa sababu wakopeshaji waliamini kwamba nchi yenye euro haitaachwa ianguke, ingawa mkataba ulisema bayana kwamba nchi moja haitawajibika kwa madeni ya nyingine. Mkataba ulisema hili, soko likaamini lile, na maadamu ngoma ya harusi ilikuwa ikilia, hakuna aliyetaka kuuliza lipi ni la kweli.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Ugiriki. Katika miaka ya 1860 ilijiunga na Umoja wa Fedha wa Kilatini, ulioanzishwa mwaka 1865 na Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi. Umoja ule ulilinganisha uzito na thamani ya sarafu za dhahabu na fedha, lakini haukugusa bajeti za wanachama wake. Ugiriki ikaendelea kukopa, na mwaka 1893 ikashindwa kulipa. Baada ya kushindwa vita dhidi ya Waturuki mwaka 1897, mataifa makubwa sita ya Ulaya yaliweka Athens, mwaka 1898, tume ya kusimamia mapato ya kulipia madeni: chumvi, mafuta ya taa, viberiti, karata, na ushuru wa bandari ya Piraeus. Mgiriki aliyewaona wakaguzi wa Troika wakiingia wizarani mwaka 2010, yaani wajumbe wa Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF, alikuwa anaona jambo ambalo babu zake walikwisha kuliona.

Tofauti ni kwamba safari hii mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Nchi yenye sarafu yake inapolemewa huweza kuishusha thamani: bidhaa zake huwa nafuu ugenini, bidhaa za nje huwa ghali nyumbani, na maumivu hugawanyika, japo si kwa usawa. Ugiriki haikuwa na drakma ya kushusha. Kilichobaki kushushwa ni mshahara wa mwalimu, pensheni ya mzee, na dawa za hospitali.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kanda ya Euro ilikuwa na benki kuu moja lakini haikuwa na hazina moja. Fikiria bei ya pamba inapoporomoka huko Mwanza. Walimu wa Mwanza wanaendelea kulipwa, kwa kodi ambayo sehemu yake imekusanywa Dar es Salaam au Arusha. Hakuna anayeuita huo mkopo, wala hakuna mkaguzi anayetumwa kutoka Dar es Salaam kwenda kupunguza pensheni za wazee wa Kanda ya Ziwa. Ni nchi moja, na hasara ya mkoa mmoja imekwisha kugawanywa kabla haijatokea. Ulaya ilijenga sarafu ya nchi moja juu ya bajeti za nchi nyingi, kisha ikaandika katika mkataba kwamba hakuna atakayembeba mwenzake.

Mwaka 2010 palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukubali mara moja kwamba deni halilipiki na kuwapunguzia wadai sehemu ya madai yao. Ya pili ilikuwa kuipa Ugiriki mkopo mpya ili ilipe mikopo ya zamani. Viongozi waliogopa kwamba njia ya kwanza ingeangusha benki zao wenyewe, wakachagua ya pili. Sehemu kubwa ya fedha za uokozi ilipita Athens kama maji yapitavyo katika mfereji, ikaenda kwa wadai. Punguzo lilipokuja Machi 2012, la asilimia 53.5 ya thamani ya hatifungani zilizokuwa mikononi mwa wadai binafsi, wadai wengi wa kigeni walikuwa wamekwisha kulipwa au kuziuza. Mifuko ya pensheni ya Wagiriki wenyewe ilikuwa miongoni mwa waliopata hasara.

Uchumi wa Ugiriki ulinywea kwa takriban robo. Mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulivuka asilimia 27, na miongoni mwa vijana ulivuka nusu. Juni mwaka huohuo IMF yenyewe ilikiri katika tathmini yake kwamba mpango wa kwanza ulikuwa na kasoro kubwa na kwamba punguzo la deni lilichelewa. Na deni je? Mwaka 2009 lilikuwa karibu asilimia 127 ya Pato la Taifa. Ugiriki ilipotoka katika mpango wa tatu, tarehe 20 Agosti 2018, lilikuwa limezidi asilimia 180. Mgonjwa alitolewa hospitalini akiwa na homa kali kuliko aliyoingia nayo.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Slovakia, nchi yenye mishahara midogo kuliko Ugiriki, ilikataa mwaka 2010 kuchangia mkopo wa kwanza, na Oktoba 2011 serikali ya Iveta Radičová ilianguka bungeni kwa sababu ya kura ya kupanua mfuko wa uokozi. Mfanyakazi wa Bratislava aliuliza kwa nini alipe pensheni iliyozidi ya mama yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ukiwekewa begani bila kuulizwa, hugeuka chuma.

Ulaya ilikuwa imewahi kujua njia nyingine. Tarehe 27 Februari 1953, huko London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kufuta takriban nusu ya madeni yake ya nje, na kupanga malipo ya yaliyobaki yaendane na uwezo wake wa kuuza bidhaa nje. Ugiriki ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mwaka 2015 Wagiriki walipopiga kura ya maoni, asilimia 61 wakayakataa masharti mapya, walijibiwa kwamba kanuni ni kanuni. Siku nane baadaye serikali yao ilikubali masharti yaliyofanana na yale waliyoyakataa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuliwahi kuwa na sarafu moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa shilingi iliyotegemea paundi zilizowekwa London. Ilidumu kwa kuwa mwenye kauli ya mwisho alikuwa mmoja, mkoloni. Baada ya uhuru, Tanzania, Kenya na Uganda zilitaka benki kuu zenye kutumikia mipango yao, na mwaka 1966 kila moja ikawa na yake.

Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, viongozi wa nchi tano za Jumuiya walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha. Masharti yake yanafanana na ya Maastricht: nakisi isizidi asilimia 3, na deni, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya Pato la Taifa. Lengo la mwaka 2024 halikufikiwa, likasogezwa hadi 2031. Wengi wanalalamikia ucheleweshaji huu. Mimi siulalamikii, ila nalalamikia namna tunavyoutumia. Mijadala yetu hujaa asilimia, nani amefikia kigezo na nani hajafikia, kana kwamba Ulaya ilikwama kwa kukosa vigezo. Vigezo ilikuwa navyo. Ilichokosa ni makubaliano ya siku ya msiba.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, uliolenga kuongeza kodi huku deni likiielemea hazina, na muswada ukaondolewa. Walikuwa na serikali yao ya kuidai majibu. Siku deni la namna hiyo litakapokuwa la nchi yenye sarafu ya pamoja, watamdai nani? Na mkulima wa Kigoma au Gitega ataambiwa nini kuhusu sehemu yake?

Wewe mwanafunzi unayeandika tasnifu, wewe mtumishi wa wizara unayekaa katika vikao vya wataalamu, iulizeni Itifaki mambo matatu. Nani atathibitisha takwimu za kila nchi, na ana nguvu gani juu ya serikali inayodanganya? Mkopeshaji aliyekopesha kizembe atabeba hasara kiasi gani kabla mwananchi hajaguswa? Na iwapo tutachangiana, bunge lipi litapiga kura?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia alipe nani. Hilo walituachia sisi, na ni heri tulijibu sasa, kabla ya harusi.