Namba Iliyoambiwa Hapo Ndio Mwisho

Nilipoacha chuo, mjomba aliniambia, "Bila digrii, hapo ndio umefika mwisho." Sikubishana. Lakini wasee, kuna namba nataka muijue.

2,147,483,647. Andika mbili 31, zizidishe zote pamoja, halafu toa 1. Ndio hiyo.

Mwaka wa 1772 Leonhard Euler, akiwa Urusi na karibu kipofu kabisa, alithibitisha kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Na kalkuleta hakuna! Ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mwaka wa 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kwamba pengine hakuna mtu atajisumbua kupita hapo, sababu hesabu za aina hii ni za kufurahisha tu, hazina kazi.

Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas akapata yenye tarakimu 39. Oktoba 2024 ikatangazwa yenye tarakimu 41,024,320.

Cheki sasa. Namba hiyohiyo ya Euler ndiyo kikomo cha kaunta ya kompyuta ya biti 32. YouTube waliitumia kuhesabu watazamaji, wakidhani hakuna video itafika huko. Desemba 2014 wakakiri: "Gangnam Style" imefika. Ikabidi wabadilishe kaunta.

Sisemi muache shule. Euler mwenyewe alisoma sana. Nasema tu, anayekuchorea mwisho huwa anapima pale macho yake yamefika.