Usimbaji wa Data za Kadi za Malipo

Usimbaji wa data za kadi za malipo ni ulinzi unaogeuza namba ya kadi ya benki kuwa fumbo papo hapo kadi inapoguswa, kuchomekwa au kupitishwa kwenye mashine ya kaunta. Namba hubaki fumbo hadi imfikie mchakataji, yaani kampuni inayopokea muamala kutoka dukani na kuuelekeza kwenye mtandao wa Visa, Mastercard au mwingine ili benki iliyotoa kadi ijibu. Mwenye duka hana ufunguo wa kulifumbua. Mashine hufunga, mchakataji hufungua, na kompyuta zote za katikati hubeba kitu zisichoweza kukisoma.

Tukio lililoonyesha wazi haja ya ulinzi huu liliikumba kampuni ya Minneapolis, Marekani. Kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Desemba 2013, wadukuzi waliiba data za kadi zipatazo milioni 40 kutoka Target, kampuni yenye makao makuu katikati ya jiji hilo, mwendo mfupi kutoka kitongoji cha Phillips. Wezi waliingia kwa nywila za mkandarasi wa mitambo ya ubaridi aliyekuwa na ruhusa ya kutumia mtandao wa kampuni, kisha wakapandikiza programu hasidi kwenye mashine za kaunta.

Programu hiyo haikuvunja fumbo lolote, kwa kuwa halikuwapo. Kadi ilipopitishwa, namba yake ilikaa wazi kwa kitambo kifupi kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, na humo ndimo ilimonakiliwa. Tangu 2007 sheria ya jimbo la Minnesota ilikataza wafanyabiashara kuhifadhi data kamili ya utepe wa sumaku baada ya muamala kuidhinishwa. Ilikuwa sheria nzuri, lakini ililinda ghala, na wezi hawa walinyakua mzigo ukiwa bado njiani.

Namba za siri zilikuwa na bahati nyingine. Tarehe 27 Desemba 2013 Target ilieleza kwamba namba za siri zilizochukuliwa zilikuwa zimesimbwa tangu kwenye vibonyezo vya mashine kwa mbinu ya Triple DES, na kwamba ufunguo wake haukuwahi kuwamo katika mifumo yake, kwani ulishikwa na mchakataji wa nje. Kaunta ni zile zile na wezi ni wale wale, ila namba za kadi ziliuzwa kwenye masoko ya wahalifu, na namba za siri zilitoka zikiwa zimefungwa. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna ushahidi wa thamani ya usimbaji ulio bora kuliko huo.

Usimbaji hufanya kazi hivi. Kabla ya kupelekwa dukani, mashine hupandikizwa ufunguo wa mwanzo katika mazingira yenye ulinzi mkali. Kwa utaratibu uitwao DUKPT, kila muamala hupata ufunguo wake, ambao hutumika mara moja na kufutwa. Pamoja na fumbo, mashine hutuma namba ya mfululizo. Kwa namba hiyo mchakataji hukokotoa ufunguo ule ule kutoka ufunguo mama uliofungiwa ndani ya kifaa maalumu. Anayeiba mashine leo hawezi kusoma mauzo ya jana. Akiifungua kwa bisibisi, mashine hufuta funguo zake yenyewe. Tarakimu chache za mwanzo na nne za mwisho huweza kuachwa wazi ili muamala uelekezwe na risiti ichapishwe.

Wazo la usimbaji huu lilikuwa limepata nguvu kabla ya tukio la Target, baada ya mchakataji Heartland Payment Systems kutangaza, Januari 2009, kwamba amedukuliwa. Baraza la viwango vya usalama la sekta ya kadi lilitoa masharti yake ya kwanza kuhusu usimbaji huu mwaka 2011. Chipu ya kadi, iliyoenea Marekani kuanzia Oktoba 2015, ni kinga nyingine: huzuia kadi bandia, lakini haifichi namba.

Anayefaidika zaidi ni mfanyabiashara mdogo. Ndani ya jengo la zamani la Sears huko Phillips mna Midtown Global Market, soko lililofunguliwa 2006, lenye vibanda vya wahamiaji wengi. Mwenye kibanda cha chakula hana mtaalamu wa kompyuta. Akitumia mfumo wa usimbaji ulioidhinishwa na baraza hilo la viwango, hojaji ya usalama anayojaza kila mwaka hupungua sana, na kazi inayomhusu moja kwa moja ni kukagua mashine: namba ya utambulisho ni ile ile, lakiri haijaguswa, hakuna kilichobandikwa juu yake.

Oda za simu ni jambo la kuangaliwa. Mhudumu akiandika namba ya kadi ya mteja kwenye karatasi au kuichapa kwenye kompyuta ya kawaida, usimbaji wa mashine haumfai kitu. Inabidi namba iingizwe kwa vibonyezo vya mashine yenyewe.