Muhogo Mchungu Kabla ya Simba wa Vita

Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeitwa Simba wa Vita, anajulikana kwa vyeo vyake. Alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipouacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU. Akawa Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Sinema hupewa sentensi moja tu katika wasifu wake, kama kibarua cha ujanani. Sentensi hiyo inamdhulumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Miaka kadhaa kabla ya kumwona waziri Mwafrika, Watanganyika walikuwa wameshamwona mwigizaji wao, anayesema Kiswahili na anayebeba kisa kizima mabegani mwake.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka tutazame kilichotangulia. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, na kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na matumizi ya fedha. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri na kuchezwa sambamba na picha. Walioigiza walikuwa wenyeji, lakini walitumika kama vielelezo vya ubaoni: huyu mwerevu, anaweka akiba yake posta, yule mjinga, anaifukia ardhini na kuibiwa. Mwaka 1939 London iliunda kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Wakati huohuo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza majumba ya sinema na kumcheka Charlie Chaplin bila kuhitaji mkalimani. Kwa hiyo serikali ya Tanganyika ilipoingia mkataba na African Film Productions ya Johannesburg ili zitengenezwe filamu za hadithi kwa Kiswahili, ilikuwa inakiri, japo kimyakimya, kwamba mtazamaji huyo anataka kisa na mtu wa kumfuatilia.

Mtu huyo akawa mshamba. Muhogo Mchungu, filamu ya 1952, ilimleta mtu wa bara mjini, na mzaha wote ukaelemea kwa yule anayeicheza nafasi hiyo. Mshamba wa filamu za Vugiri alikuwepo ili mwerevu aonekane. Huyu wa Kawawa ndiye kisa chenyewe. Hapo ndipo kazi ya mwigizaji inapopimika. Fikiria jinsi filamu hizi zilivyofika mikoani: gari ya sinema inaingia jioni, shuka jeupe linatandazwa kati ya nguzo mbili, jenereta inawashwa, watoto wanakaa chini mbele na wazee wanasimama nyuma. Kisha fikiria maeneo kama Masieda, huko Mbulu, ambako lugha ya nyumbani ni Kiiraqw au Kidatoga, na Kiswahili katika miaka hiyo kilikuwa cha soko na cha ofisi. Mbele ya watazamaji wa namna hiyo maneno peke yake hayatoshi. Mwendo wa mguu, namna ya kushika kofia, macho ya mtu anayeshangaa barabara: hivyo ndivyo vinavyobeba maana. Mwigizaji aliyekusudiwa kueleweka nchi nzima alilazimika kuigiza kwa mwili mzima.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halipaswi kukwepwa. Filamu hizi zililipiwa na mkoloni, na kisa cha mshamba anayeangamia mjini kilifaa sana serikali iliyotaka vijana wabaki mashambani. Ni kweli. Lakini kama ukoloni ungekuwa ndiyo maana yote ya mhusika huyu, angekufa pamoja nao. Hakufa. Serikali huru iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, ambamo mtu wa kijijini anakwenda mjini, anakwama, na mwishowe wokovu wake unapatikana katika kijiji cha ujamaa. Waziri Mkuu wa miaka hiyo ya operesheni vijiji, ya kuwahamishia watu katika vijiji hivyo, alikuwa Kawawa mwenyewe. Mabwana wawili wenye itikadi zinazopingana walimhitaji mshamba yuleyule kwa sababu watu walikuwa wanamjua na kumpenda, na hawakumpenda kwa ajili ya mahubiri aliyobebeshwa.

Wengine watasema kwamba miaka michache na filamu chache hazitoshi kuitwa kazi ya maisha, na kwamba Kawawa alipandishwa na vyama vya wafanyakazi. Alikiongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilipoundwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata akaacha ajira ya serikali. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyomfanya kiongozi. Nasema kwamba uigizaji wake una thamani hata tukiziweka kando siasa zote zilizofuata. Waandishi wanaoitafuta asili ya vichekesho vya Tanzania huanzia kwa Mzee Jongo, Mzee Small na King Majuto, na kumwacha Kawawa kwa wanahistoria wa TANU. Majuto alizaliwa 1948. Muhogo Mchungu ilipotoka alikuwa mtoto wa miaka minne huko Tanga, na mshamba aliyekuja kumcheza kwa miongo kadhaa alikuwa ameshaonekana kwenye shuka jeupe. Kawawa alipofariki tarehe 31 Desemba 2009, taifa lilimzika Simba wa Vita. Waigizaji nao walikuwa wamefiwa siku ile, na jina lake linastahili kuandikwa juu ya orodha yao.